Gitaa Lililofukizwa Udi

Vijana wangu, mmoja wenu aliniletea swali mlangoni, na tangu siku hiyo usingizi wangu wa mchana umeharibika. Anaitwa Shabani, anasambaza mikate kwa baiskeli kutoka Ngamiani mpaka huku kwetu Nguvumali. Asubuhi moja aliegemeza baiskeli ukutani, akatoa shikamoo, kisha akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa na kukunjuliwa mpaka kimechanika kwenye mikunjo. Ilikuwa picha ya mpiga gitaa mmoja wa siku hizi, miwani usoni, amekumbatia gitaa linalong'aa kama sahani ya harusi. Chini ya picha imeandikwa kwamba yeye hapigi gitaa jingine ila hilo.

"Mzee, mnunuzi wa baiskeli nimeshampata," akasema. "Nikiiuza, na vijisenti nilivyoweka, gitaa nalipata. Niambie wewe uliyepiga. Nitapiga kama huyu?"

Nikamwambia ndiyo, uza. Akashukuru, akapanda baiskeli. Hajafika kwenye kona nikamwita, nikamwambia hapana, usiuze. Akarudi akiikokota.

"Sasa mzee, nishike lipi?"

Nikamwambia amalize mikate yake kwanza, mimi nitalitafakari, na asiiuze mpaka nimjibu. Basi nalitafakari mbele yenu nyote, maana najua si yeye peke yake mwenye kipande cha gazeti mfukoni. Siahidi kwamba tukifika mwisho nitakuwa nimejua.

Mnaniita mzee na hamsini bado sijaifikia. Ni kwa sababu nimeacha kazi. Kidole cha pete cha mkono wangu wa kushoto kilikataa kukunja, na mpiga gitaa asiye na kidole hicho ni sawa na kinyozi asiye na wembe. Kabla ya hapo nilipiga Tanga, Pangani, Korogwe na Mombasa, nikapiga harusi za Moa mpaka wakaanza kuniuliza nitaoa lini mimi. Sikuwahi kukaa mji mmoja mpaka muuza maji akalijua jina langu. Kila nilipohama niliacha vitu: kitanda, viatu, mara moja hata meza. Magitaa mawili sikuyaacha, na ndiyo haya yanayonichanganya.

La kwanza lilikuwa sanduku la chai. Sisemi kwa mfano. Fundi Kombo, seremala wa vitanda na milango pale Ngamiani, alizichukua mbao nyembamba za sanduku la chai, akazilowesha, akazipinda, akazitia shingo ya mninga. Nyuzi hakuzifunga tumboni kama magitaa ya dukani. Alizivuta mpaka mwisho wa gitaa, akazishika kwa kipande cha bati na skrubu mbili. Ndani, ukichungulia kwenye tundu, ungeweza kusoma maandishi ya shamba la chai. Lilikuwa zito na shingo yake nene. Mwezi wa kwanza mkono wangu ulivimba, mama akanikanda kwa maji ya chumvi.

Nyuzi za dukani zilikuwa anasa, basi uzi wa kwanza, ule mwembamba, tuliutoa kwenye waya wa breki. Sikilizeni vizuri, maana haya hamyajui. Baiskeli nyingi za wakati ule zilikuwa na breki za vyuma, na hizo hazina faida kwa mwanamuziki. Tulitafuta zile chache zenye breki za waya. Waya wa breki ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Unazisokotoa taratibu, unachagua ule uliokaa katikati kwa sababu kutu haijaufikia, unaupangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha unautundika na jiwe kutwa nzima ili usahau kupinda. Ukiwa na haraka utakukatikia usoni mbele ya bibi harusi. Wenye baiskeli za namna hiyo hawakutupenda. Sikukuu zikikaribia waliziingiza vyumbani.

Na mkimaliza kupiga, pangusa nyuzi. Hewa yetu hapa Tanga ina chumvi, inakula chuma hata usiku mmoja. Lakini msipake mafuta ya nazi. Nilipaka mara moja Korogwe, vidole vikateleza wimbo mzima, na wachezaji wakadhani ni mtindo mpya kutoka Kongo. Walinitunza sana siku ile. Tayari mnaona jinsi kazi hii inavyochanganya.

Sasa gitaa la pili.

Barabara ya madukani palikuwa na duka la santuri, na kwenye kioo chake ilitundikwa picha ya Feruzi wa Mombasa. Feruzi huyo, ninyi hamkumjua, lakini hakukuwa na mkahawa Tanga nzima usiopiga santuri zake. Kwenye picha alishika gitaa la rangi ya asali lenye shingo nyembamba kama mkono wa mwanamwari, na chini yake maneno: *Chaguo la Feruzi*. Gitaa lenyewe lilisimama pembeni ya picha. Jioni baada ya kazi tulikwenda kulitazama, mimi na Yohana, mwenzangu katika bendi, mpiga gitaa la kusindikiza. Yohana alikuwa Msambaa, baba yake aliteremka milimani kuja kufanya kazi ya mkonge, na muziki aliuanzia kwenye kwaya ya Kilutheri.

Katika santuri moja Feruzi alikuwa na kipande ambacho hatukukiweza. Sauti ilipanda shingo yote mpaka juu kabisa, ikakaa kidogo, kisha ikateremka kama mtu anayeshuka ngazi na sinia la chai mkononi, haraka na hamwagi. Sisi tulimwaga kila siku.

"Si vidole," Yohana akasema tukiwa pale kiooni. "Ni gitaa. Tazama shingo ile. Hata mimi ningeshuka."

"Wewe ungeanguka na sinia."

"Ningeanguka, lakini kwa sauti nzuri."

Bendi yetu iliitwa Waridi Jazz. Mahasimu wetu, Kuchele Jazz, walikuwa na uwanja wao ng'ambo ya barabara iliyopita mbele ya uwanja wetu, umezungushiwa makuti kama wetu. Kila Idi Pili alasiri bendi zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja. Kila uwanja ulikuwa na kipaza sauti cha kuazima na honi iliyofungwa juu ya mti, na watu walisimama katikati ya barabara wakisikiliza huku na huku. Kulikonoga ndiko walikoingia. Uwanja uliobaki mtupu ulichekwa mpaka Idi nyingine, na wapigaji wake walihama mmoja mmoja. Mwaka uliotangulia tuliobaki watupu tulikuwa sisi. Wapigaji wawili walishakwenda. Tukishindwa tena, hapana Waridi.

Lakini ninyi mnaosikia habari za vilabu vya muziki vya wakati ule mnafikiri vilikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa mali ya kina mama. Wao ndio walioshona sare, waliopika, walioimba, waliotoa majibu ya vijembe. Na kila Idi lazima sare mpya. Mwanamke kutokea Idi Pili na kanga ya sare ya mwaka jana, mbele ya wanawake wa Kuchele, afadhali augue.

Mkubwa wao alikuwa Bi Mwanaidi, mwanamke mfupi mwenye sauti isiyohitaji honi. Kwenye mkutano wa klabu, wanaume tulipokuwa tunalalamika juu ya gitaa la sanduku, alisimama akasema:

"Mwaka huu hatushoni. Fungu la sare likanunue gitaa hilo mnalolilia."

Mmoja wa kina mama akashika mdomo. Bi Mwanaidi akanigeukia. "Athumani, mwanangu, tumevua nguo kwa ajili yako. Usituache uchi."

Vijana, nimepigwa na radi mara moja, karibu na Pangani, au mti niliosimama chini yake ulipigwa. Haikuniingia kama maneno yale.

Gitaa likaja. Fundi Kombo alipoliona aliligonga kwa kidole, akatega sikio, akagonga tena, akasema, "Linasema vizuri. Haya, mmeniletea mke mwenza." Akaondoka bila kunywa chai yake, na kwa Fundi Kombo hiyo ilikuwa hasira kubwa.

Na ni kweli, gitaa lilikuwa tamu. Siwadanganyi ili kuwafurahisha maskini wenzangu. Nyuzi zilikaa chini, karibu na mbao. Kidole unakiweka tu, hukikandamizi. Nililala nalo, niliamka nalo. Wiki chache kabla ya Idi kile kipande cha Feruzi kilinitokea mkononi chenyewe, nikiwa nazungumza na Yohana mambo mengine kabisa. Sinia lilishuka na hakikumwagika kitu. Yohana alinitazama akasema, "Mungu mkubwa, kumbe lilikuwa gitaa kweli." Nami niliamini hivyo.

Idi Mosi, baada ya adhuhuri, kina mama walikuja kulichukua.

"Linakwenda wapi?" nikauliza.

"Kufukizwa," Bi Mwanaidi akasema, akashangaa kwamba nauliza. "Kitu kipya kitoke mbele za watu hakina hata harufu? Na macho ya wale wa ng'ambo?"

Kwetu pwani nguo ya sikukuu hutandikwa juu ya tenga, chini yake kikawekwa chetezo chenye makaa na udi, moshi ukapanda ukaingia kwenye nyuzi za kitambaa. Nilishaona nguo, nilishaona bibi harusi, nywele zake na kanga zake. Gitaa nilikuwa sijaliona. Walilitandika tumbo chini juu ya tenga, tundu lake likielekea kwenye chetezo, wakalifunika kanga za mwaka jana, wakaimba. Makaa waliyaongeza kila yalipofifia, maana heshima ya kitu ni wingi wa moshi. Mimi niliona ni sawa. Naapa niliona ni sawa kabisa, na harufu ilinipendeza.

Yohana peke yake ndiye aliyekuna kichwa. "Kwetu kitu kipya huombewa tu," akaninong'oneza. "Hakipikwi."

"Nyamaza wewe, huyajui ya pwani."

Idi Pili alasiri barabara ilijaa. Wanawake wa Kuchele walitoka kwanza, sare mpya za rangi ya zambarau. Walipowaona wetu katika kanga zilizopauka walisimama kwenye lango letu, na mmoja akapaza sauti:

"Jamani, wenzetu mwaka huu wamevaa gitaa!"

Wakacheka mpaka wakashikana. Bi Mwanaidi hakutikisika. "Sare huchuja, mwanangu," akajibu. "Sauti haichuji. Nenda kacheze, jasho litaonyesha rangi yako."

Lakini niliona mkono wake ukikunja pindo la kanga, ukikunja na kukunjua.

Tukaanza. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, harufu ya udi ikitoka kwenye tundu kila nilipopiga, mpaka mpiga ngoma akaniambia nanukia kama bwana harusi. Watu wakaanza kuingia. Wimbo wa pili niliutunza kwa ajili ya kile kipande. Nikapanda shingo, nikafika juu, nikakaa kidogo kama Feruzi, nikaanza kushuka.

Likalia *paa!*, kama kofi.

Kile kibao kinachoshikilia nyuzi tumboni kilikuwa kimebanduka. Gundi ya kiwandani ililainishwa na makaa ya jana, jua la alasiri likamalizia. Nyuzi zote zililegea mikononi mwangu kama tambi. Yohana hakusimama, aliendelea na gitaa lake la kusindikiza, akamkonyeza mpiga ngoma, wakazunguka palepale, wakirudia kipande kimoja. Nikawatazama kina mama. Bi Mwanaidi alikuwa ameziba mdomo kwa ile kanga ya mwaka jana. Ng'ambo, honi ya Kuchele ikazidi kulia, na watu waliokuwa langoni mwetu wakageuza shingo.

Ndipo nikamwona Fundi Kombo. Alikuwa amekaa nyuma ya jukwaa, kwenye mkeka, kitu kimefungwa kikoi mapajani. Alikileta kwa nini? Nilimwuliza baadaye, akasema alikileta kwa hasira, ili sanduku lisikie kwa masikio yake. Wala hakulikabidhi kwa upole.

"Shika!" akasema. "Na uache kunitazama kama mbuzi wa kafara, piga!"

Nikapiga. Sanduku la chai, shingo nene, uzi wa breki. Nikakirudia kipande cha Feruzi tangu mwanzo, bila kufikiri, kwa sababu Yohana alikuwa bado anazunguka mahali pake na sikuwa na pengine pa kuingilia. Nikapanda, nikafika, nikashuka. Halikumwagika tone. Sauti ya waya wa breki ikatoka kwenye honi kali na chungu kidogo, kama limau kwenye samaki, na barabara nzima ikageuka. Waliingia mpaka makuti ya ukuta wa nyuma yakaanguka. Kina mama wetu walipita mbele wakizipunga kanga zao zilizopauka, na kabla ya magharibi nilimwona mwanamke mmoja mwenye sare ya zambarau akicheza kwetu, amejificha nyuma ya mumewe.

Kuanzia hapo ndipo siwezi kuwaongoza vizuri.

Watu waliokuwa barabarani hawakuona tulivyobadilisha gitaa. Walisikia honi tu. Kesho yake Ngamiani yote ilisema: lile gitaa jipya la Waridi, lile la Feruzi, jamani lina sauti! Kina mama waliokuwa ndani waliona kila kitu, na wao walisema vilevile. "Si niliwaambieni?" Bi Mwanaidi alisema. "Udi ulimfungua mtoto mkono." Nilimkumbusha kwamba udi ulitaka makaa na makaa yalibandua kibao. Akanijibu, "Basi ungepiga sanduku kama kibao kisingebanduka?"

Nikamwendea Fundi Kombo, nikadhani huyu atafurahi. Nilimkuta akiligundisha gitaa la dukani, amelikaza kwa kamba na mawe.

"Athumani," akasema, "sanduku langu unalipiga miaka yote. Ule mteremko uliupata wapi?"

"Kwenye hili hapa, Fundi."

Akaliangalia lile gitaa la mke mwenza. "Kwa hiyo hili limekufundisha," akasema, "na langu limefanya mtihani." Akacheka, akakasirika, akacheka tena. Nikatoka sijui yupi kashinda.

Mwenye duka la santuri naye akaja na mpiga picha. Nilimweleza yote: makaa, kibao, sanduku. Alinisikiliza kwa adabu akasema, "Bwana Athumani, watu wamesikia walichosikia. Shika gitaa, inua kidevu." Picha yangu ikatundikwa kiooni karibu na ya Feruzi. Mama alikwenda kuitazama kila Ijumaa.

Miezi michache baadaye Feruzi mwenyewe alishuka Tanga kumwona shangazi yake. Nilimfuata mpaka barazani kwa huyo shangazi, nimevaa shati lililopigwa pasi, nikamwuliza lile swali ambalo Shabani ameniuliza mimi. Alikuwa mtu mnene, mpole, anakula boga la nazi.

"Lile gitaa la kwenye picha?" akasema. "Nililishika nikapigwa picha, nikalirudisha. Langu ni la zamani, kalitengeneza mjomba." Akasogeza sahani, akanisogelea. "Lakini nimeona picha yako dukani. Watu wa hapa wananiambia ulilipiga Idi mpaka ukuta ukaanguka. Niambie ukweli, ndugu yangu. Ni zuri hivyo? Maana nilikuwa nafikiria kulinunua."

Nilimwambia ndiyo. Kisha nilipofika barabarani nikarudi kumwambia hapana. Shangazi yake alisema ameshalala.

Basi Shabani, na wenzako. Kina mama wa Waridi Idi iliyofuata walishona sare nzuri kuliko zote, wala hawakuwahi kunilaumu. Laiti wangenilaumu ningejua. Gitaa la dukani lilinifungulia mkono, hilo nalijua. Ushindi ulitoka kwenye sanduku. Hilo pia nalijua. Nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja yanakataa kukaa, kama paka wawili ndani ya kapu.

Jana Shabani alirudi kuchukua jibu. Alisema mnunuzi wa baiskeli anakuja leo. Niliingia ndani nikamtolea gitaa la rangi ya asali, lenye alama ya gundi ya Fundi Kombo. Ukiliweka juani mpaka leo linatoa harufu ya udi kwa mbali.

"Kaa nalo mpaka Idi," nikamwambia. "Mkono ukifunguka, utajua mwenyewe unataka nini. Baiskeli usiuze."

"Na lile la sanduku, mzee? Nisilijaribu na lenyewe?"

"Lile hapana."

"Kwa nini?"

Uzi wa kwanza wa sanduku ulikatika siku nyingi, na kidole changu hakikunji, na bado silitoi nje ya nyumba. Kama ninyi mnajua kwa nini, njooni mnieleze.

Shabani akalifunga lile la asali mgongoni kwa kanga ya mama yake, akapanda baiskeli, tenga la mikate nyuma. Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyoteremka. Kwenye kona mbuzi alimkatia njia, akashika breki, breki zikalia mtaa mzima.

Waya mzuri sana ule.